Nukta ya Alhamisi

Tartu, Februari. Saa tisa alasiri na giza limeshapiga hodi.
Maarika amepewa kata kumi na nne, zife, zizaliwe tano,
na tarehe ya mwisho. Wizara haikumpa mtu wa kumuuliza.
Ilimpa data za simu.

Kila simu ni nukta, haina jina.
Nukta ilalapo ndipo nyumbani,
ishindapo ndipo kazini,
na kati ya hapo na hapo modeli huvuta uzi.
Nyuzi zikisongamana, hilo ni fundo,
na fundo ndilo mji,
na mji una haki ya kuvuta vilivyo karibu nao
kwa uzito wake, gawanya kwa umbali mara umbali.
Ni hesabu ya sayari.
Maarika ameiazima kwa watu waendao kununua maziwa.

Anabonyeza. Feni ya kompyuta inakohoa.
Ramani inajipasua kama barafu ya ziwa mwezi wa Aprili,
ufa hapa, ufa pale, na hakuna aliyeshika shoka.
Haavapalu inakwenda mashariki kwa sababu ya kiwanda cha mbao.
Lõhmuste inakatwa kiunoni kwa sababu ya lami.
Kosa: asilimia tatu.
Na asilimia tatu, kwa desturi ya kazi hii,
ni vumbi la kufagia.

Ila kuna vumbi moja linatembea.

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi,
nukta inatoka Kirsimäe,
inashika njia ya msitu isiyo na basi,
kilomita sita, kwa mwendo wa baiskeli,
theluji ikianguka kwa mwendo wa miguu,
inafika pasipo duka, pasipo shule, pasipo zahanati,
inakaa dakika arobaini,
inarudi.
Modeli imeipa jina: kelele.

Alhamisi hiyo akaenda mwenyewe, buti hadi magotini.
Misonobari. Lango la chuma. Misalaba imevaa kofia nyeupe.
Mzee Heino alikuwa akifuta jiwe kwa glavu,
jina la Aita likijitokeza herufi kwa herufi.

"Ndiwe unayetukata?" aliuliza, bila hasira,
kama mtu anayeuliza saa.
Maarika akamweleza: usiku nyumbani, mchana kazini.
Mzee akawaza.
"Basi hawa mia tatu wanalala hapa usiku,
na mchana hawaendi popote.
Kwa hesabu yako huu si mji?"
"Hawana simu," akasema Maarika, na maneno yakamwaibisha.
"Kweli. Hawana."
Akawasha mshumaa, akaukinga upepo kwa mwili wake.

"Mimi sidai kaburi liwe kata gani. Aita hatauliza.
Nauliza trekta ya theluji.
Trekta huja mpaka mpakani, ikageuka.
Ukiweka mstari wako kule kwenye kijito,
mimi nitapita wapi?"

Jioni akaongeza safu mpya kwenye jedwali:
mahali trekta inapogeuzia.
Akawapigia madereva. Wa kwanza alicheka, akakata.
Tarmo alimtajia kumi na saba bila kupumua,
hadi zizi lenye mbwa mkali.
Akaendesha modeli upya.
Mstari ukasogea, ukauzunguka msitu
kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni.
Kosa likapanda: tatu nukta nne.

Priit, mkuu wake, akaweka kidole kwenye lile tumbo la mstari.
"Na hiki nini?"
"Kelele," akajibu Maarika,
na hakuifuta.

Wizara bado haijasema neno.
Leo ni Alhamisi, saa nne na dakika tano, nje kunaanguka.
Kwenye skrini nukta imetoka Kirsimäe,
inakwenda polepole.